Kuitafuta Nasaba ya Jamaa Yako

 

Somo letu la leo lahusu kitu ambacho kila mmoja wenu anacho, tajiri kwa maskini, nacho ni jamaa yake. Kabla sijaendelea nataka wewe unayesikiliza, na wewe utakayeyasoma maneno haya yakiwa yamepigwa chapa, ujibu maswali matatu kimoyomoyo. Baba yake babu yako aliitwa nani? Alizikwa wapi? Na mama yake bibi yako alitoka kwa watu gani?

Ukiweza kuyajibu yote matatu, wewe ni mtu mwenye bahati, nawe utatusaidia katika kikundi chako. Wengi wetu hujibu la kwanza kwa shida, kisha tukanyamaza.

Sababu ya kulichagua somo hili ni hii. Katika darasa letu la jioni hapa Dodoma yuko mwanafunzi mmoja, mtu mzima, ambaye kazi yake ni kuwaendesha wageni kwa gari. Siku moja alimchukua mgeni kutoka Kanada, na njiani wakazungumza habari za wazee wao. Mgeni yule akasema kwamba asili ya jamaa yake ni Uskochi, na kwamba alimlipa mtaalamu wa nasaba amtafutie wazee wake. Baada ya miezi michache alipata kitabu chenye majina ya mababu wa vizazi saba, na vijiji walimoishi, na kazi walizofanya. Mwanafunzi wangu alikuja darasani akaniuliza, "Mwalimu, na sisi Wagogo mtu wa namna hiyo yupo? Na bei yake ni kiasi gani?"

Niliona kuwa swali hilo lastahili somo zima. Basi kwanza natuangalie Waskochi hufanyaje, halafu turudi kwetu.

Uskochi ni nchi iliyo kaskazini ya Uingereza. Tangu tarehe 1 Januari 1855, sheria ya huko imewataka watu wote waandikishe kila uzazi, kila ndoa na kila kifo. Cheti cha kifo hutaja jina la baba wa marehemu na la mama yake, hata jina alilokuwa nalo mama huyo kabla ya kuolewa. Kabla ya mwaka huo makanisa ndiyo yaliyoandika ubatizo na ndoa katika madaftari yao. Daftari la zamani kupita yote lililosalia ni la mtaa wa Errol, nalo laanza mwaka 1553. Tena hesabu za watu za tangu mwaka 1841 zimehifadhiwa pamoja na majina ya watu wa kila nyumba. Hazina hiyo kubwa imewekwa katika mji wa Edinburgh.

Mtaalamu wa nasaba ni mtu aliyejifunza kuyasoma maandishi hayo. Ajua daftari gani lina nini, aweza kusoma mwandiko wa miaka 300 iliyopita, na akikuta watu wawili wenye jina moja katika kijiji kimoja hupima ni yupi aliye babu yako hasa. Kazi yake nyingine ni kuzipima hadithi za nyumbani. Kwa mfano, mtu aitwaye Campbell au MacDonald hawezi kudai, kwa jina peke yake, kuwa yeye ni damu ya mkuu wa ukoo huo. Zamani watu wengi walichukua jina la mkuu aliyewapa ardhi na kuwalinda, ingawa hawakuzaliwa katika nyumba yake. Likumbukeni jambo hili, maana tutalikuta tena huku kwetu.

Lakini mtaalamu huyo, mteja anapofika mbele yake, huanza na nini? Haanzi na daftari. Humwuliza mteja, "Wewe unajua nini? Nani mzee kupita wote katika jamaa yenu, na amekwambia nini?" Asipopata jina moja, mahali pamoja na mwaka mmoja, hana pa kushika, nayo madaftari yote ya Edinburgh hayamfai kitu.

Wala msidhani kuwa Waskochi walitegemea karatasi siku zote. Daktari David Livingstone, ambaye jina lake mnalijua, alizaliwa Blantyre, Uskochi, mwaka 1813. Katika kitabu chake cha safari kilichotolewa mwaka 1857 aeleza kuwa babu yake, mkulima wa kisiwa cha Ulva, aliweza kuhadithia habari za wazee wao wa vizazi sita vilivyomtangulia. Aliyahifadhi hayo kichwani kama wafanyavyo wazee wetu wa Mvumi na Bahi. Tofauti ni kwamba mjukuu aliandika.

Sasa turudi Ugogo. Nasema kwamba sisi tunazo ghala tatu za habari za jamaa, nazo ni vinywa vya wazee, nchi yenyewe, na karatasi. Yatupasa kuzifungua kwa mpango huo huo, kwa kuwa ghala ya kwanza huteketea upesi kuliko nyingine.

Ghala ya kwanza ni vinywa vya wazee. Nenda kwa mzee asubuhi, si jioni akiwa amechoka. Mwamkie kama ipasavyo, keti, usitoe kalamu mara moja. Usimwulize, "Ulizaliwa mwaka gani?" maana swali hilo humfanya aone haya, au akupe mwaka wowote ili umwache. Mwulize, "Ulipokuwa unachunga ndama, watu walikuwa wakizungumza habari gani?" Mwulize nani walikuja kula mahari ya shangazi yake, na ni ng'ombe wa nani waliotolewa. Katika nchi ya ng'ombe, mahari ni daftari: mzee aliyesahau jina la mtu humkumbuka bado yule fahali mwekundu na nyumba aliyotoka. Tena usimwulize mzee mmoja tu. Waulize wawili au watatu, kila mtu peke yake, kisha ulinganishe. Wala usiwasahau akina bibi. Wanaume hukumbuka majina ya ukoo, bali akina bibi hukumbuka nani alimzaa nani, nani alinyonya wakati mmoja na nani, na mtoto yupi alikuja akiwa amekwisha kuota meno.

Ghala ya pili ni nchi yenyewe na matukio yake. Wazee wetu hawakuhesabu miaka kwa tarakimu, lakini waliipa majina, na majina hayo twaweza kuyageuza kuwa tarakimu. Andikeni haya katika madaftari yenu. Sotoka iliyoua ng'ombe nchi nzima ilikuja karibu na mwaka 1891. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Majeshi ya Waingereza yaliiteka Dodoma kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916. Njaa kubwa iitwayo Mtunya ilikuwa kati ya mwaka 1917 na 1920. Shamba la karanga la Kongwa lilianza mwaka 1947, likaachwa mwaka 1951. Uhuru ni mwaka 1961. Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini katika mkoa wetu ilikuwa mwaka 1971. Uamuzi wa kuyahamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973.

Sasa tufanye hesabu. Bibi asema, "Karanga za Kongwa zilipoanza, mimi nilikuwa nimekwisha kuzaa mtoto wa kwanza, naye alikuwa anatambaa." Karanga ni mwaka 1947. Mtoto atambaaye ana miezi saba au minane, basi alizaliwa mwaka 1946 au 1947. Kama bibi aliolewa akiwa na umri wa miaka 17 au 18, yeye mwenyewe alizaliwa karibu na mwaka 1928. Andika "karibu na 1928". Usiandike "1928" peke yake kama kwamba umeona cheti.

Nchi nayo yasema. Kijiji unachokaa leo huenda sipo alipozikwa babu yako, kwa sababu mwaka 1971 watu wengi waliyaacha matembe yao yaliyotawanyika. Mwombe mzee akupeleke kwenye mahame. Akifika pale na kuona mbuyu, jiwe la kusagia na mahali palipokuwa zizi, atakumbuka mambo ambayo asingeyakumbuka akiwa sebuleni kwako.

Ghala ya tatu ni karatasi. Wako watu wasemao kuwa sisi hatuna karatasi. Si kweli, ila ni chache nazo zimetawanyika. Wamishonari wa CMS walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na baadaye misheni zikaenea Mvumi, Kongwa, Bihawana na kwingineko. Makanisa huandika ubatizo, ndoa na mazishi. Ukienda kuomba kuangalia daftari la ubatizo, kumbuka kuwa babu yako aliingia kwa jina moja akatoka kwa jingine, kwa hiyo nenda na majina yote mawili. Msikitini na kwa mashekhe, ulizieni hati za ndoa na za mirathi.

Katika Nyaraka za Taifa mna mafaili ya serikali ya Wajerumani na ya Waingereza. Maofisa wa Kiingereza waliweka Kitabu cha Wilaya kwa kila wilaya, wakaandika humo habari za watemi, koo na mila. Na mtu wetu mwenyewe, marehemu Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 akafariki mwaka 1969, alitutungia kitabu kiitwacho Historia, Mila na Desturi za Wagogo, kilichotolewa mwaka 1954. Mkikisoma mtaona kuwa koo nyingi za Ugogo husimulia kuwa wazee wao walitoka Uhehe na nchi nyingine za jirani. Kwa vyeti vya siku hizi, ofisi inayohusika ni RITA, iliyoanza mwaka 2006.

Lakini karatasi ina upungufu wake, maana humwandika yule ambaye mwandishi alimwona kuwa mtu. Wanaume wengi sana wa nchi hii walichukuliwa kubeba mizigo katika vita ya 1914 hadi 1918, na wengi hawakurudi. Pale Dar es Salaam iko sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yawakumbuka askari na wapagazi, lakini hayataji jina la hata mmoja wao. Majina hayo, kama yako mahali, yako nyumbani kwenu.

Sasa nitawapa mfano wa jamaa yangu mwenyewe, pamoja na kosa langu, ili lisirudiwe.

Sisi tulilelewa tukijua ukoo wetu, tukijivunia. Mwaka 2012, nikiwa bado mwanafunzi wa stashahada, nilikwenda kumsalimia dada yake babu, ambaye mimi humwita bibi. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Nikamwuliza tu, kwa kupitisha wakati, baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Baba yangu hakuzaliwa hapa, mjukuu wangu. Aliachwa hapa."

Akanieleza kuwa wakati wa Mtunya vita ilikuwa imekwisha kula kila kitu. Wajerumani, kisha Waingereza, walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wenye nguvu, halafu mvua nayo ikakosa. Mtu mmoja alikuja kutoka upande wa magharibi akimshika mkono mtoto wa kiume wa umri wa kuchunga mbuzi. Mwenye tembe lile alikuwa na mtama kidogo ghalani. Wakapatana. Yule mtu akaondoka na mtama, mtoto akabaki. Alisema atarudi kumkomboa. Hakurudi. Mtoto akalelewa, akachunga, akatolewa ng'ombe za mahari kama watoto wengine wa nyumba ile, akauchukua ukoo wao. Huyo ndiye baba yake babu yangu.

Nilitaka kumwuliza jina la yule mtu aliyeondoka na mtama. Lakini jua lilikuwa linatua, na basi la mwisho lilikuwa karibu. Nikasema moyoni, "Nitarudi likizo ya Desemba na daftari." Mwezi wa Novemba nikapigiwa simu kwamba bibi amefariki.

Ndugu zangu, sikulia kwa ajili ya nasaba siku ile, nilimlilia bibi. Lakini baada ya matanga nilitambua kuwa nimezika vitu viwili.

Ilikuwa miaka mitatu ndipo nikapata njia. Mzee mmoja alinikumbusha kuwa babu yule alibatizwa akiwa mtu mzima mwenye watoto. Nikaenda katika kanisa moja la zamani, nikaomba ruhusa kwa adabu, na katekista akakaa pamoja nami siku nzima akifunua kurasa. Karibu na saa tisa tukalikuta jina lake. Na mahali palipoandikwa "jina la baba" halikuwa jina la yule mwenye tembe aliyemlea. Lilikuwa jina jingine, ambalo hakuna mtu katika jamaa yetu aliyepata kulisikia. Yule mtoto aliyeachwa alikuwa amelitunza jina la baba yake kwa zaidi ya miaka ishirini, akalitaja siku moja tu, mbele ya mtu mwenye kalamu.

Nililipeleka nyumbani kwa furaha, nami sikufikiri. Baba yangu mdogo alikasirika sana. Alisema, "Unataka kutufanya wageni? Kesho mtu atasema mashamba haya si yetu." Maneno yake hayakuwa ya kijinga. Nasaba si mchezo wa kujifurahisha. Yagusa mashamba, yagusa ndoa, yagusa heshima ya mtu mbele ya jirani zake.

Tukaitana wazee. Wakazungumza kutwa. Mwisho mkubwa wao akasema kuwa aliyemlisha mtoto wakati wa Mtunya hakumwiba, wala aliyemwacha hakumtupa, kwa kuwa wote wawili walitaka aishi. Wakaamua kuwa ukoo wetu ubaki ule ule, kwa maana tulipewa kwa haki na ng'ombe za mahari zilitolewa mbele ya watu. Lakini jina la yule baba wa kwanza liandikwe katika daftari, juu ya jina la mtoto wake, na kijana wetu akitaka kuoa watu wa magharibi tuulize vizuri kwanza. Baba yangu mdogo ndiye aliyelishika daftari nilipokuwa naandika. Hata leo hatujawapata watu wa yule baba. Tuna jina lake, na twajua alitoka upande gani.

Sasa nilijibu swali la yule mwanafunzi: je, ni vema kumlipa mtaalamu? Ndiyo, kwa kazi ambayo huiwezi. Karatasi za Wajerumani zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani usiosomeka kwa mtu asiyefundishwa, na kutafuta katika mafaili ya serikali kwataka maarifa na siku nyingi. Mwenye maarifa hayo astahili ujira wake. Lakini patana naye kwanza, kazi ni ipi, siku ni ngapi, na atakuonyesha nini. Mtaalamu wa kweli atakwambia pia asipopata kitu, na kila jina atakalokupa atakuonyesha alikolitoa. Akuahidiye nasaba ya kifalme kabla hajakuuliza jina la babu yako, mwache aende zake. Vivyo hivyo kuna vipimo vya vinasaba siku hizi. Kipimo chaweza kuonyesha kuwa watu wawili ni ndugu, lakini hakiwezi kukutajia jina la babu yako, wala kukueleza kwa nini aliachwa.

Na hapana mtaalamu awaye yote, awe wa Edinburgh au wa Dar es Salaam, awezaye kumwuliza bibi yako habari baada ya bibi kuondoka. Sehemu hiyo ya kazi ni yako, nayo haina bei ila nauli, sukari ya kumpelekea, na daftari moja.

Kazi ya juma hili ni hii. Nunua daftari. Katika ukurasa wa kwanza andika jina lako, la baba na la mama. Ukurasa wa pili, babu na bibi wa pande zote mbili. Ukurasa wa tatu, wazazi wao wanane. Palipo na pengo, acha nafasi wala usibuni. Kando ya kila jina andika nani alikwambia, na siku gani. Halafu, kabla ya Jumapili, nenda kwa mzee mmoja. Akikwambia jambo akakuomba usilieneze, liheshimu neno lake. Mwombe ruhusa ya kuliandika, na mwulize ni nani ataruhusiwa kulisoma.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Mzee wenu mkubwa kupita wote ni nani, na ni nani kati yenu atakayekwenda kwake juma hili?

2. Taja tukio moja la kijiji chenu ambalo wazee huhesabia miaka. Twaweza kujua kwa njia gani lilikuwa mwaka gani?

3. Mtu akigundua kuwa babu yake alilelewa na ukoo mwingine, ni nani wapaswa kuambiwa kwanza, na kwa nini?

4. Ni karatasi gani za zamani zilizomo nyumbani mwenu, na zimetunzwaje na mchwa na mvua?

Juma lijalo, tukijaliwa, tutajifunza namna ya kutunza karatasi hizo zisiharibike. Kwa leo ni hayo tu. Kwa herini, na mnisalimie wazee.